Hodi Kwenye Hamamu ya Ghala

Jumatatu, tarehe 6 Januari 2003. Kulikucha na manyunyu na ubaridi wa kuvaa sweta. Mvua yenyewe haikutosha hata kuosha gari, lakini milima ilijifunika wingu mpaka adhuhuri, na shangazi yangu Bi Masouda akafungua madirisha yote ya nyumba yetu ya Mawaleh, hapa Maskati, akisema anataka kunusa udongo uliolowa. Pelagia, binti wa Kihaya anayetusaidia kazi za nyumba, alipita nyuma yake akiyafunga moja moja, maana upepo ulitokea upande wa soko la mboga na kilichoingia ndani kilikuwa harufu ya vitunguu na kabichi vilivyooza.

"We Pelagia, unanfungia rehema ya Mungu," alisema Bi Masouda.

"Rehema ipite mlangoni, Bibi. Huku dirishani inapita kabichi."

Nilicheka, nikamshukuru Mungu kwa mvua na kwa wawili hao, nikaenda kupitia kitabu changu kabla ya darasa.

Mimi nimeanza kusoma nikiwa na wajukuu. Unguja niliachia darasa la tatu. Maskati nilifika bibi harusi, nikalea, nikafiwa na mume, na watoto walipokwisha kuoa na kuolewa ndipo nilipojiandikisha katika masomo ya jioni ya watu wazima. Kila nikivuka mlango wa darasa husoma Fatiha kimoyomoyo, kwa sababu kalamu bado huniteleza na Kiarabu cha vitabuni si kile cha jikoni.

Jioni ile ustadha wetu Jawaher, msichana ambaye ningeweza kumzaa, alitufundisha habari za Warumi. Alituonyesha picha ya magofu ya hamamu zao za umma yaliyosimama katikati ya mji wa leo. Kando ya kuta pamepita barabara, na ng'ambo ya barabara kuna duka la viatu na kituo cha basi. Alitueleza namna walivyopitisha moto chini ya sakafu, na vyumba vyao vya maji ya moto, ya uvuguvugu na ya baridi, na jinsi tajiri na fukara walivyokuwa wakikaa kwenye benchi moja la mawe.

"Wakikoga wote pamoja?" aliuliza Shaikha, ambaye hukaa mbele yangu na hakuna somo asilolitia chumvi.

"Wanawake walikuwa na saa zao na wanaume saa zao," ustadha alijibu. "Aghlabu."

"Hiyo aghlabu ndiyo inayonitia shaka," alisema Shaikha, na darasa zima likaangua kicheko.

Ustadha alingoja tutulie. Kisha akasema, "Watu wa mji ule wangeweza kuyavunja mawe haya wakajenga maduka mengine. Hawakuyavunja. Nataka kila mmoja wenu afikirie: mtaani kwenu kuna nini cha zamani, na nani anakijali?"

Mimi hamamu niliyoijua utotoni ni ile ya Hamamni, mjini Unguja, ambayo tulikuwa tukipita nje yake tukienda chuoni kusoma Kurani. Lakini pale darasani moyo wangu ulikwenda Ghala, kitongoji cha hapa Maskati. Baba yangu tuliporudi Oman alirudishiwa shamba la babu yake kule, na wakati huo mitende ilikuwa imeshakufa kwa kiu. Baada ya baba kufariki tuligawana. Kaka yangu Harub alipata kiwanja kikubwa, akakipangisha kwa wenye magereji. Mimi nilipata stoo iliyo pembeni, ambayo mfanyabiashara mmoja ameijaza matairi, na kodi yake ndiyo inayonilisha. Katikati ya kiwanja cha Harub, nyuma ya magari yaliyotolewa injini, yapo magofu: vyumba viwili vidogo visivyo na paa, vya mawe na saruji ya kizamani, ile waliyokuwa wakiichoma kwa udongo. Nilikuwa nikiyaona kila nikienda Ghala, lakini sikuwahi kuuliza.

Niliporudi nyumbani nilimkuta Bi Masouda juu ya mswala wake. Nilimsubiri amalize uradi, nikamuuliza yale mawe ni kitu gani.

"Yale?" alisema. "Ile si hamamu ya mamangu?"

Ndugu zake wote wa kuzaliwa Ghala walikwisha kufariki. Amebaki yeye tu kati ya waliozaliwa kule kabla familia haijavuka kwenda Unguja, na ni yeye peke yake anayekumbuka maji yakipita.

"Maji ya falaji, ule mfereji wa shamba, yana daraja zake, mwanangu," alianza. "Juu kabisa, ya kunywa. Yakitoka hapo, msikitini. Kisha wanakoga wanaume. Sie wanawake tulikuwa chini, na hatukuwa na ukuta, tukijibanza na mitende tu. Basi siku moja mwari aliyekuwa karibu kuolewa akakoga, wakapita wageni na punda zao, wakamwona. Maneno yakaenea mpaka kwa wakwe. Ndoa ikavunjika. Mamangu likamuuma, na wala si mwanawe. Akauza bangili zake, akajenga. Na mlango wake kaupinda, ukisimama nje huoni kitu."

"Na wanaume?"

"Mwanamume akifika ile kona, hodi. Akijibiwa, arudi alikotoka, hata awe shekhe wa mji." Alihesabu tasbihi kidogo. "Siku ilipokwisha kujengwa mama alisimama mlangoni mbele ya watu. Akasema, hii ni wakfu kwa mwanamke yeyote anayetaka sitara. Mie nnakumbuka, nilikuwa nimeshika nguo yake."

Niliandika maneno hayo usiku uleule, kwa Kiarabu changu cha kuchechemea, yawe kazi yangu ya darasani.

Ijumaa iliyofuata Harub alikuja kula nasi chakula cha mchana baada ya sala, kama kawaida yake. Kaka yangu ni mtu wa kheri na mwenye haraka. Hata hakumaliza tonge la kwanza.

"Nimepata kibali," alisema. "Msikiti, kwa jina la baba. Pale Ghala."

Machozi yalinitoka hapohapo mbele ya sahani. Wale wafanyakazi wa magereji husali juu ya maboksi yaliyokunjuliwa kando ya barabara, malori yakiwapita mgongoni, na tangu baba afariki hapakuwa na sijda yangu ambayo sikumwomba Mungu atujaalie kuwajengea mahali. Harub alilijua hilo. Aliniangalia akitabasamu.

"Pale wapi?" aliuliza Bi Masouda.

"Kwenye yale mawe, shangazi. Tingatinga linakuja Ijumaa ijayo asubuhi, magereji yakiwa yamefungwa."

Bi Masouda alinawa mkono kwenye bakuli ingawa hakuwa amekula. "Yale mawe ni ya bibi yako."

"Najua, Mungu amrehemu. Na thawabu za msikiti zitamfika."

"Ni wakfu, Harub."

"Nani mwingine aliyesikia?"

"Wote wamekufa. Nimebaki mie."

"Basi nisikilize, shangazi yangu, usinikasirikie." Harub alisogea karibu naye. "Falaji ilikauka hata sijaoa. Hakuna anayekoga pale. Sasa hiyo wakfu ni ya nani? Ya mijusi? Mimi naondoa mawe yasiyomfaa mtu, naweka nyumba ya kumsujudia Mungu. Kosa langu liko wapi?"

Akanigeukia mimi. "Sema wewe, Nunu. Si wewe uliyekuwa ukiniombea?"

"Mungu atatuongoza," nilisema. Ni neno zuri, na sisi tunaosali sana hulitumia pia tusipotaka kujibu.

Pelagia alikuwa amesimama akitumiminia maji. Glasi ya Harub ilijaa, ikafurika, maji yakaenda kwenye busati, na yeye bado anamimina. Nilidhani amechoka.

Juma lile nilisali sala ya istikhara kila siku. Nilimwomba Mungu anionyeshe lililo la kheri: nyumba yake au neno la marehemu. Wapo wanaosema utaota ndoto. Mimi sikuota kitu. Niliamka na uzito uleule niliolala nao. Darasani nilisoma nilichoandika juu ya Ghala, na ustadha akanisifu, mpaka nilipowaambia kwamba hamamu yenyewe inavunjwa ili ujengwe msikiti.

"Msikiti ni msikiti," alisema Shaikha. "Hapo hapana mjadala."

"Na wakfu ni wakfu," alisema mama mmoja wa nyuma. "Mtu akitoa kikombe kwa ajili ya wenye kiu, huwezi kukichukua ukakifanya taa ya msikitini."

"Kikombe chenyewe kimekauka, ukhti!"

"Bi Nunu, wewe unasemaje?" ustadha aliniuliza.

Nilifunga daftari langu. Kama pangekuwa na mtu hata mmoja anayelihitaji jengo lile, ningejua nisimame wapi. Lakini Harub alikuwa amesema kweli. Mawe ni mawe, na watu wanaosali juu ya maboksi ni watu.

Alhamisi alasiri Pelagia alikuja kuniomba ruhusa ya kutoka mapema kesho yake. Yeye ni Mkristo, na kila Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku ya mapumziko, huenda kusali kule Ghala, kwenye kiwanja cha makanisa. Huondoka na gauni lake la kazi na mfuko begani. Sikuwahi kumuuliza mfukoni mna nini.

"Nenda, hapana neno," nilisema.

Bi Masouda alikuwa amelala kwenye kochi, tulidhani usingizini. "Nichukueni na mie," alisema bila kufumbua macho. "Nataka kuiaga hamamu ya mama kabla haijavunjwa."

"Kesho, Bibi?" Pelagia alishtuka. "Asubuhi kuna baridi."

"Nna shali."

"Pale kuna nyoka, Bibi."

"Nyoka wa Ghala wananijua. Nunu, tafuta teksi."

Ijumaa ile kulikucha kweupe, bila wingu. Tulishuka Ghala jua likiwa limeanza kupanda. Milango ya bati ya magereji ilikuwa imeshushwa na hapakuwa na sauti ila ya paka kwenye mapipa. Bi Masouda alishika mkono wangu wa kulia, tukakwepa madimbwi ya oili na milango ya magari iliyoegemezwa ukutani. Pelagia alitutangulia. Tulipokaribia magofu alisimama, akatugeukia.

"Mama Nunu, naomba msamaha kabla hujaona," alisema. Kisha akaipazia sauti ile kona ya mawe: "Hodi jamani! Ni mimi Pelagia. Nimekuja na wenyewe."

Ndani palikuwa na maneno ya chinichini, na kitu kikaanguka. Halafu sauti ya mwanamke ikasema, "Karibuni."

Tulipita ule mlango uliopinda. Ndani palikuwa pamefagiwa. Kamba ilikuwa imefungwa ukuta hadi ukuta, na juu yake zimetundikwa nguo za kazi, za buluu na za kijivu, zile wanazovaa wasichana wa majumbani na wafagiaji wa hospitalini. Kwenye vishubaka vya ukutani, ambamo zamani watu waliweka taa, mlikuwa na vitana, poda na kipande cha kioo. Wanawake walikuwapo kama wanane. Mmoja, Mfilipino, alikuwa akipaka wanja. Wengine wawili, Wahindi, walikuwa wakisaidiana kupanga mikunjo ya sari. Aliyetukaribisha alikuwa mwanamke mnene wa makamo, gauni lake la kitenge halijafungwa zipu mgongoni.

"Shikamoo Bibi. Shikamoo Mama," alisema. "Mimi naitwa Veneranda. Tunaondoka sasa hivi, msitukasirikie."

"Marahaba. Nani kawafukuza?" alisema Bi Masouda. "Mnafanya nini humu?"

"Tunabadilisha nguo, Bibi. Nyumba tunazofanyia kazi haziko sawa. Wengine hatuwezi kutoka tumependeza. Bosi akikuona na gauni zuri anauliza unakwenda kwa nani. Wengine tunatoka zamu ya usiku moja kwa moja. Basi tunapita hapa, tunajifuta, tunavaa, tunaingia kwa Mungu kama watu."

Nilijitazama nguo zangu. Nilikuwa nimekoga maji ya moto asubuhi, nimejifukiza udi, nimevaa baibui safi, kama nifanyavyo kila Ijumaa tangu nipate akili. Haikunipitia kamwe kwamba yupo mtu nyumbani kwangu anayekwenda kumwomba Mungu na gauni la kuoshea sahani.

"Pelagia," nilimwambia, "mimi ningekuuliza unakwenda kwa nani?"

"Wewe hapana, Mama," alisema, akiangalia chini. "Ila nilianza kwa yule bosi wa kwanza, nikazoea. Na hapa tunakuwa pamoja."

Bi Masouda alikuwa akipapasa ukuta. "Na wanaume je? Magereji yote haya."

Wanawake waliofahamu Kiswahili wakacheka. "Lazima wapige hodi pale kwenye kona," alisema Veneranda. "Godson, yule fundi breki, alisahau mara moja. Tulimmwagia maji ya sabuni kichwani. Siku hizi anapiga hodi hata akipita barabarani."

"Nani aliyewafundisha?"

"Nani atufundishe, Bibi? Ukuta wenyewe umejengwa hivyo."

Bi Masouda alivua viatu vyake. Alikwenda kukaa kwenye benchi la mawe, kando ya birika lililokauka, akaweka miguu yake ndani, juu ya saruji. Nadhani alikuwa akitafuta mahali pale alipozoea kuiweka.

"Ijumaa iliyopita nilisikia mkizungumza wakati wa chakula," Pelagia aliniambia kwa sauti ndogo. "Nilitaka kusema. Lakini sisi Wakristo, na mahali ni penu. Nikawaza, wakijua tupo hapa watatufukuza hata kabla ya tingatinga."

"Mama hakusema mwanamke wa dini gani," alisema Bi Masouda kutoka kwenye benchi. "Alisema anayetaka sitara. Mie nilikuwepo."

Hapo ndipo tuliposikia mngurumo. Tingatinga lilikuwa limeingia kiwanjani, tukausikia mnyororo wake ukisaga kokoto, kisha mlango wa gari ukafungwa na nyayo zikaja upande wetu.

"Hodi!"

Ilikuwa sauti ya Harub. Hakuwa na sababu ya kubisha hodi penye magofu. Ni malezi yetu tu. Mtu akifika penye mlango ulimi humtangulia.

"Nani?" zikajibu sauti zote kwa pamoja.

Nyayo zilisimama. "Ni mimi... mwenye kiwanja. Nyinyi nani?"

"Wanawake!" alijibu Veneranda. "Usiingie, hatujavaa!"

Tingatinga likazimwa. Nilimsikia dereva wake, Mpathani wa Pakistani, akicheka mpaka akakohoa.

"Humo mna wanawake?" Harub aliuliza tena.

"Tumo, tena tele," alisema Bi Masouda.

"Shangazi?"

"Labeka."

"Shangazi, unafanya nini humo? Toka basi tuzungumze."

"Sitoki. Wenzangu hawajamaliza. Zungumza hapohapo ulipo."

Harub alihema. Kona ya ukuta ilikuwa kati yetu, na aliheshimu mpaka wake. Hakusogea hata hatua. "Kibali kimetoka, shangazi. Tingatinga nimelikodi. Nimeshawaambia watu wote. Na ni msikiti! Si duka, si gereji. Nitawaambia nini?"

"Ulisema mawe haya hayamfai mtu. Haya, wasikilize." Bi Masouda aliwageukia wale wanawake. "Mtajieni majina yenu, asikie."

"Pelagia," alisema Pelagia kwanza.

"Veneranda."

"Marites," alisema yule Mfilipino, ambaye nadhani alifahamu kwa kuangalia nyuso zetu. Wale wa sari wakataja yao, na wengine wakafuata, jina baada ya jina, likivuka ukuta.

"Masouda," alisema shangazi yangu.

Likabaki jina moja, na nikajua ni langu. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, mguu mmoja ndani na mmoja umeelekea nje. Nilikumbuka sijda zangu zote. Nilikumbuka wale watu na maboksi yao. Nikasema, "Ya Rabbi, usiniache," nikasema, "Nunu."

Nikatoka nje kumkabili kaka yangu.

Alikuwa amevaa dishdasha nyeupe ya Ijumaa na kofia yake mpya. Uso wake haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa mtu aliyeandaliwa karamu kisha akaambiwa si yake.

"Na wewe pia?" alisema.

"Na mimi."

"Wewe ndiye uliyeniombea msikiti huu, Nunu. Miaka yote hii."

"Nimeuomba, na bado nauomba. Lakini nilipokuwa nikiomba sikujua kama pana watu chini yake." Nilimweleza niliyoyaona ndani, nguo kwenye kamba, vitana, na wanakokwenda wakitoka hapo. "Wanakuja kumwabudu Mungu, Harub. Kwa namna yao. Tukiwavunjia sitara ili sisi tupate pa kusujudu, mimi ile sijda sitaiweza. Paji litagoma."

Aliangalia chini. Aliisukuma kokoto kwa ncha ya kiatu. "Sasa niujenge wapi? Angani?"

Ng'ambo ya kiwanja palikuwa na stoo yangu, mlango wake wa kijani, matairi yamepangwa hadi darini. Ile ndiyo unga wangu na mafuta yangu, ndiyo inayonifanya nisimwombe mtoto wangu hata shati. Nilitaka Mungu anionyeshe mahali pengine. Nikatazama huku na huku, nisione.

"Jenga pale," nilisema.

"Pale ni pako."

"Ndiyo maana nasema."

"Utakula nini?"

"Nina watoto. Na mikono ninayo, sambusa zangu bado watu wanazisifu."

"Na masomo yako? Hiyo teksi ya kila jioni?"

"Teksi gani? Skuli iko Mawaleh, nakwenda kwa miguu. Hujawahi hata kuniuliza nasoma wapi."

Alicheka licha ya nafsi yake, kisha macho yakamlowa, akageuza uso kuyaficha. "Kibali itabidi kianze upya. Huo ni mwaka mzima wa kusimama kwenye madirisha ya ofisi."

"Nitasimama na wewe."

Harub aliunyoshea ukuta mkono, akaugusa kwa kiganja. Sijui alikuwa akisema nini na Mola wake na si kazi yangu kujua. Baadaye alimwashiria dereva ateremke.

"Sikusikia mlivyokubaliana!" Bi Masouda aliita kutoka ndani. "Semeni kwa sauti. Mamangu alisema kwa sauti na bado mkasahau."

"Mbele ya nani, shangazi?"

"Mbele ya hawa. Ni wadogo, wataishi kuliko mie."

Harub alinikaribia. "Mashahidi gani hawa?" alinong'ona. "Wengine hata Kiswahili hawajui."

"Tunasikia, Baba!" alisema Veneranda. "Wasiojua tutawatafsiria!"

Wakaanza kutoka, mmoja mmoja, wamekwisha kuvaa. Niliwaona jua likiwapiga: kitenge, sari ya zambarau, gauni jeupe la Pelagia ambalo sikujua kama analo, kola yake imedariziwa. Walijipanga kando ya ukuta kama watu wanaopigwa picha. Dereva alivua kofia yake ya sufu, akaishika kifuani. Bi Masouda hakutoka. Alibaki kwenye benchi lake, lakini tulijua anasikiliza.

Nilisema mimi kwanza. Nilisema kwamba ile stoo ya mlango wa kijani, niliyoirithi kwa baba yangu, nimeitoa kwa Mungu iwe msikiti, na kwamba sitairudia. Maneno yalikuwa machache. Veneranda aliwatafsiria wenzake. Marites alifanya ishara ya msalaba.

Harub alingoja wamalize. Aliweka sawa kofia yake, akaiinua sauti yake ivuke ukuta na imfike aliye ndani:

"Mimi Harub bin Aflah, mbele ya Mungu na mbele yenu nyote mliosimama hapa, naahidi kwamba ukuta huu sitauvunja, wala sitamruhusu mtu kuuvunja. Utabaki kwa kila mwanamke anayetaka sitara, awe wa kwetu au mgeni, asali kama mimi au asisali kama mimi. Na kabla sijazikwa nitawaleta wanangu mahali hapa, nao watasema kama nilivyosema."